Orodha Ndefu Katika Kioo Kidogo: Kitufe Humjuaje Mwenyewe?

Simu ya mkononi ya siku hizi ni kompyuta kamili, na miongoni mwa kazi zake hakuna iliyo ya kawaida kuliko kuonyesha orodha. Majina ya jamaa na marafiki ni orodha. Ujumbe uliopokewa ni orodha. Malipo ya fedha, nyimbo, habari za siku na bidhaa za dukani, vyote huletwa mbele ya mtumiaji kwa umbo la mistari iliyopangwa kutoka juu hadi chini. Mtumiaji huweka kidole juu ya kioo, akakisukuma kuelekea juu, na mistari ikapita mbele ya macho yake mfano wa karatasi ndefu inayokunjuliwa.

Lakini ndani ya simu hakuna karatasi ndefu. Kuna mistari michache tu, pengine kumi au kumi na miwili, ambayo huzungushwa bila kukoma. Mstari unaotoka upande wa juu wa kioo huchukuliwa, hufutwa, huandikwa maneno mapya, kisha huingizwa upande wa chini kana kwamba ni mstari mwingine kabisa. Mbinu hiyo ya kutumia tena mistari ndiyo inayoiwezesha simu ndogo kuonyesha orodha ya maelfu ya vitu bila kuchoka. Hali kadhalika, ndiyo chanzo cha kosa moja la hatari: mtumiaji hubonyeza kitufe kilicho kando ya jina la mtu mmoja, na kazi ikatendeka kwa mtu mwingine. Makala haya yanaeleza jinsi mbinu hiyo ifanyavyo kazi, jinsi kosa hilo linavyozaliwa, na kanuni zinazolizuia.

HESABU YA KUMBUKUMBU NA YA MUDA

Na ichukuliwe mfano wa shule ya sekondari yenye wanafunzi 600, ambayo mwalimu wa zamu hutumia programu ya simu kuandika mahudhurio. Kila mwanafunzi ana mstari wake katika orodha. Katika mstari huo mna picha ndogo, jina, kidato, kisanduku cha kutia alama ya "Yupo", na kitufe kilichoandikwa "Mpigie mzazi". Kioo cha simu kinatosha mistari 8 kwa wakati mmoja.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kutengeneza mistari yote 600 mara programu inapofunguliwa, kisha kuisogeza juu na chini kama mtumiaji apendavyo. Hesabu ndogo huonyesha ubaya wa njia hiyo. Picha yenye nukta 100 kwa upana na nukta 100 kwa urefu ina nukta 10,000. Rangi ya kila nukta kwa kawaida huhifadhiwa kwa baiti 4. Kwa hiyo picha moja huchukua baiti 40,000, na picha 600 huchukua baiti 24,000,000. Simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfumo wa Android, yaani HTC Dream iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 192 kwa shughuli zake zote, na kila programu iligawiwa sehemu isiyozidi megabaiti 16, yaani karibu baiti milioni 17. Picha hizo peke yake zingalizidi sehemu hiyo kabla ya jina hata moja kuandikwa. Mistari 10 ingalihitaji baiti 400,000 tu kwa picha zake.

Yaweza kusemwa kwamba simu za leo zina kumbukumbu kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Ni kweli, lakini na picha nazo zimekua. Picha ya nukta 400 kwa 400 huchukua baiti 640,000, na picha 600 za namna hiyo huchukua baiti 384,000,000. Tena kumbukumbu ya simu haitumiwi na programu moja, bali hugawanywa baina ya programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja.

Pamoja na kumbukumbu, kuna suala la muda. Kioo cha simu huchorwa upya angalau mara 60 kwa sekunde katika simu nyingi, na katika nyingine mara 90 au 120. Kwa mwendo wa mara 60, kila mchoro hauna budi kuwa tayari katika muda wa milisekunde 1,000 ÷ 60, yaani takriban milisekunde 16.7. Mchoro ukichelewa, jicho huona orodha ikikwamakwama. Ikichukuliwa kwamba kutengeneza mstari mmoja kunahitaji milisekunde 3, mistari 600 itahitaji milisekunde 1,800, muda ambao ungalitosha kuchora kioo mara 108. Mwalimu angaliona kioo kimeganda kwa takriban sekunde mbili kila afunguapo orodha yake.

SAHANI CHACHE, WAGENI WENGI

Suluhisho la tatizo hili lafanana na desturi ya mgahawa wowote. Mwenye mgahawa anayelisha wateja 200 kwa siku hanunui sahani 200. Hununua sahani 20 au 30, na kila mteja anapomaliza kula, sahani yake huoshwa na kupakuliwa chakula cha mteja mwingine. Idadi ya sahani haitegemei idadi ya wateja wa siku nzima, bali idadi ya wanaokula kwa wakati mmoja.

Orodha ya simu hufuata desturi hiyo hiyo. Wateja ni taarifa za wanafunzi 600. Sahani ni mistari inayoonekana. Na idadi ya mistari hutegemea ukubwa wa kioo, si urefu wa orodha. Sehemu ya programu inayopakua, yaani inayotwaa mstari mtupu na kuujaza taarifa za mwanafunzi anayehusika, huitwa adapta.

Mwendo wenyewe ni huu. Mwanzoni adapta hutengeneza mistari ya kutosha kujaza kioo, pamoja na mmoja au miwili ya akiba. Kidole kinapoisukuma orodha juu, mstari wa mwanafunzi wa kwanza hutoka nje ya kioo na kuwekwa ghalani. Mwanafunzi anayefuata anapokaribia kuonekana kwa chini, orodha huiuliza adapta: "Nipe mstari wa mwanafunzi huyu." Adapta haitengenezi mpya, hutwaa ule ulio ghalani, hubadili picha, jina na kidato, na kuurudisha. Kwa macho ya mwalimu, mwanafunzi mmoja ameondoka na mwingine amefika. Ndani ya simu, mstari ni ule ule.

Mbinu hii ilikuwamo katika Android tangu mwanzo wake, katika sehemu iitwayo ListView, na katika simu za iPhone kwa jina la UITableView. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa sehemu mpya iliyopewa jina linalotaja kazi yake waziwazi, yaani RecyclerView. Ghala la sehemu hiyo lina vyumba viwili vya kawaida. Katika chumba cha kwanza hukaa mistari 2 iliyotoka kiooni punde hivi, ikiwa bado na maandishi yake, ili mtumiaji akirudi nyuma ghafula ipatikane bila kujazwa upya. Katika chumba cha pili hukaa mistari hadi 5 ya kila umbo, na maandishi yaliyomo humo huhesabiwa kuwa hayana maana tena. Mistari ya maumbo tofauti, kama vile kichwa cha kidato na mstari wa mwanafunzi, haichanganywi, kama vile bakuli za mchuzi zisivyochanganywa na sahani za wali.

Wazo la kutenga kile kinachotumiwa kwa pamoja na kile kilicho cha kila mmoja ni la zamani kuliko simu hizi. Mwaka 1990 Paul Calder na Mark Linton walieleza jinsi kila herufi ya waraka iwezavyo kuwa kitu kamili ndani ya kompyuta bila kuijaza kumbukumbu: umbo la herufi "a" huhifadhiwa mara moja tu, na mahali inapotokea huandikwa kando. Mwaka 1994 wazo hilo liliingizwa katika kitabu cha Erich Gamma na wenzake watatu kuhusu mifumo ya usanifu wa programu, ambacho hadi leo husomwa vyuoni. Somo lake ni moja: anayetumia kitu kwa pamoja na wengine hana budi kuweka mambo yake ya binafsi mahali pengine.

KIDOLE KINAPOGUSA KITUFE

Kubonyeza kitufe huonekana kuwa tendo moja, lakini kwa simu ni mfululizo wa matukio. Kwanza kidole hushuka juu ya kioo; kisha huenda kikasogea; mwisho huinuka. Kikisogea zaidi ya nukta chache, simu huhukumu kwamba mtumiaji alikusudia kusukuma orodha, wala si kubonyeza. Mara kidole kinaposhuka, simu hutafuta ni kitu gani kilicho chini yake: orodha, ndani ya orodha mstari, ndani ya mstari kitufe; kisha kidole huinuka pale pale kiliposhukia. Hapo ndipo kitufe hupewa habari kwamba kimebonyezwa.

Yafaa ieleweke kwamba kitufe chenyewe hakijui neno lolote kuhusu wanafunzi. Hakimjui Asha wala Juma. Kinachokijua ni jambo moja tu: kikibonyezwa, kimwite "msikilizaji", yaani kipande cha programu alichokipachika mtunga programu. Ni msikilizaji atakayepiga simu kwa mzazi au kuandika alama daftarini.

Sasa swali la msingi laonekana wazi. Kitufe ni kimoja, nacho kimekwisha kuwa cha wanafunzi kumi, ishirini au sitini tangu programu ifunguliwe. Msikilizaji atajuaje kwamba safari hii mwalimu alimkusudia nani? Majibu mabaya ya swali hili ni mengi, na kila moja lina dalili zake.

MAKOSA NA VYANZO VYAKE

Kosa la kwanza ni alama inayojirudia. Mwalimu anatia alama ya "Yupo" kwa mwanafunzi wa 3. Anapoisukuma orodha, anashangaa kuona alama hiyo hiyo kwa mwanafunzi wa 13, wa 23 na wa 33, ambao hajawagusa. Chanzo chake ni kwamba alama iliwekwa katika mstari tu, wala haikuandikwa penginepo. Ikiwa mistari inayozunguka ni 10 na inafuatana kwa zamu, mstari uliombeba mwanafunzi wa 3 utambeba pia kila mwanafunzi ambaye namba yake ikigawanywa kwa 10 hubakiza 3. Adapta ilibadili jina na picha lakini haikugusa kisanduku. Sahani haikuoshwa vizuri, na mchuzi wa mteja wa kwanza umebaki ukingoni. Kosa hili huonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo hugunduliwa mapema.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa huharibu daftari lenyewe. Mtunga programu aliyekwisha kuliona kosa la kwanza huamua kwamba adapta iweke upya kisanduku kila mstari unapojazwa. Amefanya vema, lakini mpangilio wa hatua zake waweza kumponza. Katika Android kisanduku humwita msikilizaji wake kila hali yake inapobadilika, awe aliyeibadili ni kidole cha mtu au ni programu yenyewe. Basi mstari uliokuwa wa Asha, mwenye alama, unatwaliwa ili umbebe Juma, asiye na alama. Adapta inaondoa alama. Kisanduku kinaona hali imebadilika, kinamwita msikilizaji aliyepachikwa tangu zamu ya Asha, na msikilizaji huyo, kwa uaminifu wote, anaandika daftarini: "Asha hayupo." Hakuna aliyebonyeza kitu. Mwalimu amesukuma orodha tu ili asome majina yaliyo chini, na kila anavyosoma, mahudhurio yanafutika nyuma yake.

Dawa yake ni utaratibu wa hatua tatu ambao haupaswi kuvurugwa. Kwanza msikilizaji wa zamani aondolewe. Pili kisanduku kiwekwe hali ya mwanafunzi mpya. Tatu msikilizaji mpya apachikwe. Uangalifu wa namna hiyo wahitajika pia katika visanduku vya kuandikia maneno, ambamo msikilizaji mpya hamwondoi wa zamani bali huongezwa juu yake. Mstari uliotumiwa mara tano huwa na wasikilizaji watano, na herufi moja inayoandikwa hupelekwa kwa wanafunzi watano.

Kosa la tatu ni nafasi iliyopitwa na wakati. Mtunga programu humwambia msikilizaji: "Wewe ni wa nafasi ya 5." Maneno hayo ni kweli siku orodha isipobadilika. Lakini orodha za leo hubadilika wakati zinatazamwa. Msomaji na afikirie kwamba mwalimu ameshika simu, na katika ofisi ya shule mwanafunzi mpya aitwaye Abeli anaandikishwa. Kwa kuwa majina hupangwa kwa abjadi, Abeli anaingia juu, na wote walio chini yake wanashuka kwa nafasi moja. Neema aliyekuwa wa 5 sasa ni wa 6, na Musa aliyekuwa wa 4 sasa ni wa 5. Ili kuokoa muda, orodha haiijazi upya mistari iliyoshuka, huisogeza tu. Jina la Neema linaonekana vizuri katika mstari wake, na kitufe kiko kando yake. Lakini msikilizaji wa kitufe hicho bado anakumbuka 5. Mwalimu anabonyeza "Mpigie mzazi" kwa Neema, na simu inalia nyumbani kwa Musa. Mzazi ambaye mtoto wake ameketi darasani anaambiwa kwamba mtoto hakufika shuleni, na mzazi wa mtoto asiyejulikana alipo hapewi habari.

Hatari ya kosa hili ni kwamba kioo hakionyeshi dalili yoyote. Tena ni gumu kurudiwa kwa majaribio, kwa sababu hutokea tu orodha inapobadilika katikati ya kazi. Mtunga programu anayejaribu peke yake, kwa orodha ya majina kumi yasiyobadilika, hataliona kamwe. Katika programu ya mahudhurio matokeo yake ni fadhaa ya mzazi; katika programu ya malipo ni fedha kwenda kwa asiyestahili; katika programu ya zahanati ni dawa ya mgonjwa mmoja kuandikwa kwa mwingine. Kwa sababu hiyo chombo cha ukaguzi kilichomo katika Android Studio, programu ya kutungia programu, humwonya mtungaji anayeichukulia nafasi kuwa kitu kisichobadilika.

Kosa la nne ni jibu lililochelewa. Picha za wanafunzi huenda zikaagizwa kutoka kompyuta ya mbali kwa njia ya intaneti. Mstari unamwagizia Asha picha yake; kabla haijafika, mwalimu anaisukuma orodha na mstari unapewa Juma. Mara picha ya Asha inafika, nayo inawekwa juu ya jina la Juma. Ni kama mhudumu aliyeagizwa chai kwa kiti cha tatu, akarudi na kumkuta mteja mwingine amekalia kiti hicho, naye akamwekea chai bila kuuliza. Dawa ni kwamba agizo libebe namba ya mwanafunzi, na jibu linapofika, namba hiyo ilinganishwe na ya mwenye mstari wa sasa. Zisipolingana, picha isiwekwe.

Kosa la tano ni la namna tofauti: mwalimu anabonyeza mstari wenyewe ili asome habari za mwanafunzi, na hapana kinachotokea. Kosa hili lilikuwa mashuhuri katika ListView, na asili yake ni ya kihistoria. Simu ya HTC Dream ilikuwa na kibao cha herufi na kijigololi cha kuzungushwa kwa kidole, ambavyo kwavyo mtumiaji aliweza kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine bila kugusa kioo. Kwa hiyo mfumo ulihitaji kujua ni kitu gani kilicho na zamu ya kupokea amri. Mstari ukiwa na ndani yake kitufe kinachoweza kupokea zamu hiyo, ListView iliuachia mstari huo kazi yote, wala yenyewe haikutoa tukio la kubonyezwa kwa mstari. Dawa ilikuwa kutangaza kwamba kitufe hakipokei zamu, ingawa kinaweza kuguswa. Vijigololi vimetoweka katika simu, lakini sheria iliyowekwa kwa ajili yavyo iliendelea kuwashangaza watunga programu miaka mingi baadaye.

KANUNI ZA KUZUIA MAKOSA HAYA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yatosha kuwa msingi wa kanuni zote zinazofuata, kwani makosa manne ya kwanza yana mzizi mmoja: jambo la mwanafunzi limehifadhiwa katika mstari badala ya kuhifadhiwa katika daftari.

Kanuni ya kwanza: ukweli ukae daftarini, na mstari uwe kioo cha kuuonyesha tu. Alama ya "Yupo" iandikwe kwanza katika taarifa za mwanafunzi, kisha mstari uchorwe kulingana na taarifa hizo. Mistari yote ikifutwa na kutengenezwa upya, pasipotee hata neno moja.

Kanuni ya pili: kila mstari unapojazwa, kila sehemu yake ijazwe. Asiye na alama aondolewe alama, na asiye na picha awekewe picha tupu. Kusema "kama ana alama, itie" hakutoshi. Sharti isemwe pia "kama hana, iondoe".

Kanuni ya tatu: mtu atambuliwe kwa namba yake ya usajili, wala si kwa nafasi yake. Namba ya usajili hupewa mwanafunzi mmoja na haibadiliki. Nafasi ni ya yeyote aliyepo hapo kwa sasa. Pale inapolazimu kutumia nafasi, iulizwe wakati ule ule kitufe kinapobonyezwa. Hata hapo uangalifu hauna budi kuwapo, kwa kuwa huenda mwanafunzi amefutwa katika orodha mnamo sehemu ndogo ya sekunde baina ya kubonyeza na kutenda. RecyclerView ikikosa jibu hurudisha namba −1, yaani "hana nafasi", na programu iliyotungwa vizuri hukoma hapo bila kutenda lolote. Kutotenda ni bora kuliko kumtendea asiyehusika.

Kanuni ya nne: msikilizaji wa kitufe apachikwe mara moja, mstari unapotengenezwa, na aulize mwenye mstari ni nani kila anapoitwa. Pale inapobidi apachikwe upya, yule wa zamani aondolewe kwanza.

JARIBIO LA DARASANI

Somo hili laweza kufundishwa bila simu wala kompyuta. Mwalimu aandae kadi 6 za karatasi ngumu, vibanio vichache vya karatasi, na daftari lenye majina 30 yaliyopewa namba 1 hadi 30. Mwanafunzi mmoja awe adapta, na mwingine awe mtumiaji. Kadi 5 zipangwe mezani kwa safu, zikiandikwa kwa penseli majina ya kwanza matano. Kadi ya 6 ingoje pembeni. Kila mtumiaji anaposema "sukuma", jina linalofuata liandikwe katika kadi inayongoja na kadi hiyo iwekwe chini ya safu. Kadi iliyo juu iondolewe, jina lake lifutwe, nayo ingoje zamu.

Katika awamu ya kwanza, mtumiaji abane kibanio katika kadi ya jina la 3, na adapta akatazwe kugusa vibanio. Orodha inaposukumwa, darasa litaona kibanio kikitokea kwa jina la 9, la 15, la 21 na la 27. Wanafunzi waeleze kwa kutumia mabaki ya kugawanya kwa nini imekuwa hivyo, na waseme ni majina gani yangepata kibanio kama kadi zingekuwa 7.

Katika awamu ya pili, alama iandikwe daftarini kando ya jina, na adapta, kila ajazapo kadi, asome daftari na kuweka au kuondoa kibanio ipasavyo. Hitilafu itatoweka.

Katika awamu ya tatu, orodha irudishwe mwanzo, na nyuma ya kila kadi iliyo mezani iandikwe nafasi ya jina katika orodha. Kisha jina jipya liingizwe juu kabisa ya daftari, na namba za majina mengine zisogezwe. Mtumiaji aguse kadi yoyote, na mwanafunzi wa tatu, ambaye haoni upande wa mbele wa kadi, asome nafasi iliyoandikwa nyuma na kutafuta daftarini mwenye nafasi hiyo. Atataja mtu asiyekusudiwa. Zoezi lirudiwe kwa kuandika nyuma ya kadi namba ya usajili badala ya nafasi, na tofauti ijadiliwe.

HITIMISHO

Vyombo vya kutungia programu hubadilika upesi. Tangu mwaka 2021 Google imetoa kwa watunga programu wa Android njia mpya iitwayo Jetpack Compose, ambayo ndani yake mtungaji haandiki adapta tena. Hueleza tu jinsi mstari unavyopaswa kuonekana, na mfumo hufanya yaliyosalia. Hata hivyo swali la zamani limebaki pale pale. Katika orodha za njia hiyo, mtungaji asipotoa ufunguo wa kumtambulisha kila mmoja, hali ya mstari hufungamanishwa na nafasi yake, na jina jipya likiingia juu, hali ya mmoja huenda kwa jirani yake. Aliyeelewa jambo lenyewe hatapotezwa na mabadiliko ya vyombo. Aliyekariri maagizo atalazimika kuanza upya kila chombo kipya kinapotoka.

Mwanafunzi anayetaka kujitia katika kazi ya kutunga programu ana njia rahisi ya kuipima kazi yake kabla ya kuwakabidhi wengine. Atengeneze orodha ndefu mara kumi kuliko kioo. Atie alama, asukume hadi mwisho, arudi mwanzo, na ahesabu alama. Aongeze jina juu ya orodha wakati inatazamwa, kisha abonyeze kitufe cha jina lililo chini yake. Aisukume orodha kwa kasi huku picha zikiwa bado njiani. Programu itakayovuka majaribio hayo matatu imekwisha kuepukana na sehemu kubwa ya makosa yaliyoelezwa hapa.

Maswali ya mazoezi

1. Kioo kinatosha mistari 7, na mistari 2 ni ya akiba. Ikiwa kila mstari una picha ya nukta 200 kwa 200 na kila nukta huchukua baiti 4, ni baiti ngapi zitatumiwa kwa picha za mistari yote? Linganisha na orodha ya majina 1,000 isiyotumia mistari tena.

2. Kwa nini nafasi ya mtu katika foleni ya hospitali si utambulisho mzuri wa mgonjwa? Taja mambo mawili yanayoweza kuibadilisha wakati mgonjwa mwenyewe hajasogea.

3. Mtunga programu mmoja aliondoa kosa la alama inayojirudia kwa kuamuru mistari isitumiwe tena kabisa. Eleza amepata nini na amepoteza nini.